Mbegu za Likoni katika Udongo wa Nyeri



Atokaye Mombasa kwenda Nyeri hupanda mlima bila ya kujijua. Treni humtoa Miritini asubuhi na kumfikisha Nairobi mchana. Hapo huingia matatu ya kwenda juu, akapita Thika, akapita Makutano, na mpaka Sagana bado jua ni kali, matunda yamepangwa kando ya njia, na moyo unamwambia kuwa hajaenda mbali na kwao. Ni baada ya Sagana ndipo barabara inapoanza kupinda na kupanda. Udongo hugeuka ukawa mwekundu kama uliotiwa kutu, migomba huchanganyika na mibuni, na akifika Karatina ameshafungua mkoba kutafuta sweta. Nyeri yenyewe iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,750 hivi. Mimi niliyezaliwa Likoni, ambapo bahari huisikia hata usiku ukiwa kitandani, sikuwahi kufikiri kuwa urefu wa ardhi ni jambo linalomhusu mwanamke na mboga zake.

Tulihamia huku mwezi wa Januari, miaka mitatu iliyopita, kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Katika mizigo yetu kulikuwa na kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na mbegu za bamia, konzi moja, zilizotoka katika bustani ya marehemu baba yangu. Baba alifariki mwaka uliotangulia, na bustani ile ndiyo iliyokuwa starehe yake baada ya kustaafu. Mamangu alizichuma bamia za mwisho zilizokaukia mtini, akazipukusa, akanigawia nusu. Hakusema neno ila hili: "Zipande, mwanangu, zisife."

Nyeri imelala kati ya milima. Magharibi iko safu ya Nyandarua, ambayo ramani nyingi bado huiita Aberdare, na kaskazini mashariki uko Mlima Kenya wenyewe, Kirinyaga kwa wenyeji, wenye mita 5,199. Mlima huonekana asubuhi mapema, mweusi kwanza, kisha ncha zake zikang'aa kwa barafu. Ikifika saa tatu au saa nne mawingu yameshaufunika, na mgeni aliyechelewa kuamka huweza kukaa wiki nzima asiuone. Mji ulianza kama boma la Waingereza mwaka 1902. Watalii huja kuliona kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefia hapa mwaka 1941. Kwetu sisi cha maana zaidi ni kuwa Nyeri, kama miji mingi ya bara, ina mtaa wake uitwao Majengo, na kwamba adhana husikika. Siku ya kwanza niliposikia adhana ya magharibi ikipanda katika ukungu ule wa baridi, nililia kidogo, kisha nikaenda kuwasha jiko.

Nyumba tuliyopanga ina uwanja nyuma, hatua kumi na mbili kwa nane. Mwenye nyumba alituambia tupande tutakacho. Na hapo, wasomaji wapenzi, ndipo washauri walipoanza.

Sijui kama kuna jambo lenye washauri wengi kuliko mboga. Ukimwuguza mtoto, watu watakuuliza kwanza kama umekwenda hospitali. Ukisema mchicha wako umekuwa wa manjano, hakuna atakayeuliza kitu. Kila mtu ana jibu lake tayari. Shangazi yangu alinipigia simu kutoka Likoni akaniambia nisikubali kamwe kutia majivu kwenye matuta, kwani baba alikuwa akisema majivu huunguza. Rafiki yangu aliyeolewa Nanyuki alinisisitiza nimwagilie kila jioni, tena kwa wingi. Binamu alinitumia ujumbe, uliokwisha kupita mikononi mwa watu mia, usemao kuwa konokono huisha kwa chumvi ya kupikia ikinyunyizwa tutani. Mume wangu, aliyelelewa Mji wa Kale na ambaye hajawahi kushika jembe, alishauri tuchimbe zaidi.

La chumvi nilijaribu kwanza, kwa kuwa chumvi ilikuwapo. Konokono walikufa kweli. Na spinachi ikafa, na mahali pale hapakuota kitu miezi mingi.

Bamia nilizichelewesha, kwa heshima zake. Shangazi alinikumbusha kuwa baba alikuwa akipanda mvua ya masika ikiwa imeshalainisha ardhi, na kwamba hata mwezi wa Juni huko kwetu mvua bado ipo. Basi nikapanda Juni. Nilisema Bismillahi, nikatia mbegu mbili mbili kila shimo, nusu ya zile nilizokuwa nazo, nikanyunyiza maji jioni kama alivyosema wa Nanyuki. Nikangoja siku saba. Nikangoja kumi na nne. Siku ya ishirini nilifukua kwa kidole, nikazikuta mbegu zimekuwa laini kama maharagwe yaliyolala majini, zinanuka.

Sasa naweza kueleza kilichotokea, lakini wakati ule sikuelewa. Bamia ni mmea wa joto. Haipendi udongo ulio chini ya nyuzi 18 hivi, na usiku wa Juni na Julai hapa Nyeri hushuka mpaka nyuzi 10 au chini yake. Majira hayo wenyeji huyaita gathano: hakuna mvua ya kueleweka wala hakuna jua, ila manyunyu na wingu zito lililoishika ardhi tangu asubuhi hadi usiku. Mombasa mwezi huohuo upepo wa kusi huvuma na watu husema kumepoa, lakini "kupoa" kwa Mombasa ni usiku wa nyuzi 20 na zaidi. Shangazi hakunidanganya. Alinieleza kwa usahihi kabisa namna ya kupanda bamia Likoni.

La nyanya lilikuwa baya zaidi, kwa sababu liliingiza fedha. Nilikwenda katika duka moja la agroveti mjini, na kijana aliyekuwa kaunta aliniuzia miche akiniapia kuwa ni ya kila mahali. Ilikua vizuri mpaka kimo cha goti. Kisha majani yakaanza kutoa madoa ya rangi ya kahawia yaliyolowa ukingoni, kama yaliyomwagikiwa maji ya moto. Nilirudi dukani na jani mkononi. Kijana hakulitazama kwa zaidi ya kupepesa jicho. Aliniuzia chupa ya dawa, na baada ya wiki akaniuzia nyingine, na mbolea ya majani juu yake. Jumla ilifika shilingi 4,600. Fedha hizo zilikuwa za ada ya madrasa ya watoto kwa muhula, ambazo mume wangu alikuwa amenikabidhi nizipeleke. Nilijiambia kuwa nyanya zikizaa nitauza debe moja kwa majirani na kuzirudisha kabla hajajua.

Jirani yetu wa upande wa chini ni mama mtu mzima ambaye watoto wangu humwita shosho, na mimi nikaiga. Katika siku zile alisimama kwenye ua akazitazama nyanya zangu, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Hizo zimepigwa na baridi."

Mimi nilimwamini kwa neno lenyewe. Zimepigwa na baridi, basi zifunikwe. Usiku ule nilitoa mashuka ya zamani na karatasi za nailoni, nikazifunika nyanya kama watoto wagonjwa, nikazibana kwa mawe. Nilifanya hivyo siku nne mfululizo. Siku ya tano nilipofunua, harufu ilinirudisha nyuma. Mashina yalikuwa meusi. Matunda mabichi yalikuwa na mabaka magumu ya kahawia, hata moja halikufaa.

Ilinichukua muda kujua kuwa shosho alikuwa akitaja ugonjwa. Yeye huuita ugonjwa wenyewe baridi, kwa kuwa huja pamoja na baridi na unyevu. Ni ukungu unaoenea kwa mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, na hakuna kinachoupendeza kama jani lililolowa na hewa isiyotembea. Nilikuwa nimeujengea nyumba. Na chupa zile mbili, nilipopata utulivu wa kusoma karatasi iliyobandikwa, zilikuwa dawa za wadudu. Ungaliweza kuzimwaga zote usidhuru hata chembe moja ya ukungu.

Nimesoma baadaye habari za ugonjwa huu, na nimeona kuwa sikuwa wa kwanza kushauriwa vibaya juu yake. Ndio ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, katika njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Serikali ya Uingereza iliwateua wataalamu mashuhuri wachunguze, nao wakawaelekeza wakulima wahifadhi viazi katika mashimo yenye kupitisha hewa; viazi vikaoza vilevile. Tiba ya kwanza yenye nguvu ilipatikana karibu miaka arobaini baadaye, tena kwa njia ya ajabu. Huko Bordeaux, Ufaransa, wenye mashamba walikuwa wakiinyunyizia mizabibu ya kando ya njia mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ili wapita njia waone rangi ile ya buluu wachelee kuiba zabibu. Mtaalamu wa mimea, Pierre Millardet, akatambua kuwa mizabibu ile iliyopakwa haikushikwa na ukungu. Mrututu! Neno la kwetu la kale, la maduka ya dawa, na mimi nilikuwa sijui kuwa lina uhusiano wowote na nyanya. Mpaka leo dawa nyingi za ukungu zina shaba ndani yake, na wakulima wa kahawa wa Nyeri wanazijua sana. Lakini tahadhari, dada zangu: msichanganye wenyewe nyumbani. Nunueni iliyopimwa, someni kama ni ya ukungu au ya wadudu, na zihesabuni siku ambazo karatasi inasema mngoje kabla ya kuchuma.

Nilimweleza mume wangu habari ya fedha usiku wa Alhamisi. Alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akasema, "Ungeniambia mapema, hata kama ni nyanya." Ada tuliilipa kwa mafungu matatu, na mwalimu, Mungu amlipe kheri, alikubali. Kilichoniuma zaidi ni watoto kusikia.

Ni wakati huo ndipo nilipoanza kumtazama shosho kwa jicho jingine. Na hapa lazima niseme jambo lisilonipendeza nafsi. Kwa miezi saba niliishi ukuta kwa ukuta na mwanamke aliyelima udongo uleule kwa zaidi ya miaka hamsini, na sikuwahi kumwuliza swali hata moja. Niliwapigia watu walio mbali nami kilomita mia sita. Moyoni nilikuwa nikijiambia kuwa yeye hazijui mboga zetu. Ukweli ni kuwa nilikuwa nimekuja na ile tabia ya baadhi yetu wa Pwani ya kumwona mtu wa bara kuwa ana cha kuuza lakini hana cha kufundisha. Kila Jumamosi aliniomba majivu ya jiko langu, nami nikimpa ndoo nzima kwa kumhurumia, nikidhani anasugulia masufuria. Alikuwa akiyatia kwenye matuta yake. Sukuma wiki yake ilikuwa na majani mapana kama sinia, na nusu ya nguvu hiyo ilitoka jikoni kwangu.

Udongo mwekundu wa Nyeri umetokana na mawe ya volkano na umeoshwa na mvua za miaka mingi; una uchachu, ndiyo maana chai na kahawa huupenda. Majivu hupunguza uchachu huo. Ardhi ya Likoni imekaa juu ya matumbawe, ina chokaa tangu asili, na kuiongezea majivu ni kuizidishia kile ilichonacho. Baba alikuwa sahihi. Shosho naye yuko sahihi. Mimi ndiye niliyelibeba neno la udongo mmoja nikalipanda katika mwingine.

Shosho hakunipa ushauri nilipokwenda kumwomba. Alinipeleka kwenye matuta yake akanionyesha. Aliniuliza nilipanda lini, na nilipomwambia Juni alicheka mpaka akashika ua. Kwao majira ya mvua yamepewa majina ya mazao: mvua ndefu za Machi hadi Mei ni za njahi, yaani ile fiwi nyeusi, na mvua za Oktoba hadi Disemba ni za mwere, nao ni uwele. Jina lenyewe la mvua linakuambia utie nini ardhini. Sisi tuna masika na vuli, kusi na kaskazi. Majina yetu yanatueleza zaidi habari za upepo na vyombo vya baharini, na si ajabu.

Isidhaniwe kuwa shosho hakosei. Ananikataza kuyanyooshea maboga kidole yasije yakaoza, na anaamini maji ya sabuni huponya kila kitu kuanzia vidukari hadi mafua ya kuku. Juu ya bamia alikuwa na hukumu moja tu: haiwezekani. Lakini jambo moja nililipenda kwake: anapokuambia neno, unaweza kugeuka ukalitazama likiwa limesimama tutani.

Mwezi wa Septemba nilipata nafasi ya kuizunguka miji ya mlima kidogo, na macho yangu yalikuwa kwenye bustani za watu. Karatina ni chini ya saa moja kwa matatu. Soko lake ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi nchini, na biashara ya mboga huko ni ya tangu zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kulikuwa na kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi. Nilikuta bamia sokoni, zimepangwa mafungu madogo kama vito. Nilimwuliza muuzaji kama ni za hapa. Alinitazama kama niliyeuliza kama samaki changu amevuliwa mtoni. "Hizi zimetoka chini, mama." Chini kwao ni kule kwenye joto, upande wa Mwea, ambako ardhi imeshuka hadi mita 1,200 hivi, na ndiko unakotoka mchele wa pishori tunaoupikia pilau sisi wa Pwani kila sikukuu. Mashamba yale ya mpunga yalianzishwa katika miaka ya 1950, kwa jasho la wafungwa wa enzi ya hali ya hatari. Nimekula mchele huo maisha yangu yote, na siku hiyo tu ndipo nilipojua.

Kisha nikaenda Nanyuki kumtembelea rafiki yangu. Huo uko upande mwingine wa mlima, penye mstari wa ikweta, juu zaidi kidogo kuliko Nyeri. Nilitegemea baridi na matope. Nilikuta vumbi, upepo mkavu na nyasi za manjano, kwa kuwa mlima huzishika mvua nyingi upande wa kusini na mashariki, na Nanyuki hupata masalio. Bustani ya rafiki yangu ilikuwa nzuri, na alikuwa akiimwagilia jioni, kwa wingi, kama alivyoniambia. Majani yalikauka kabla ya isha. Kwangu Nyeri, mwezi wa Julai, maji ya jioni yalilala juu ya majani mpaka saa nne ya kesho yake. Tulicheka sote tulipolielewa hilo, lakini nyanya zangu zilikuwa zimeshakwenda.

Karibu na mji wa Nyeri kuna kituo cha mafunzo ya kilimo cha Wambugu. Nilikwenda huko siku moja pamoja na akina mama wawili wa Majengo. Afisa tuliyemkuta hakutupa jibu lolote kabla ya kuuliza shamba liko wapi, lina mteremko gani, lililimwa nini mwaka jana. Nilitamani kijana wa agroveti angelikuwapo. Alitueleza pia habari ya mahindi, ambayo inafaa kujulikana na kila anayenunua pakiti ya mbegu: H614 na wenzake wa mfululizo wa 600 ni wa nyanda za juu, hukaa shambani miezi sita au zaidi, na Pwani Hybrid, kama jina lake, ilitengenezwa kwa ajili ya kwetu, hukomaa kwa miezi minne hivi. Ni mahindi yote, na kila moja katika nyumba ya mwenzake ni mgeni.

Upande wa Nyandarua kuna kijiji cha Ihithe, alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka 2004. Wengi tunamkumbuka kwa miti. Mimi sasa namkumbuka kwa kisa kimoja alichokisimulia mwenyewe. Alipoanza kazi yake mwaka 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, wataalamu wa misitu waliitwa wawafundishe akina mama, nao wakawafundisha kwa maneno magumu hata ikaonekana kuotesha mche ni kazi ya wenye diploma. Akina mama wakayaacha masomo yale, wakatumia walichokuwa wakikitumia siku zote, hata vyungu vilivyovunjika, na miche ikaota. Wakaitwa mabwana misitu wasio na diploma.

Katika darsa yetu ya wanawake nililitaja jambo hili kwa mzaha, na mama mmoja mkongwe wa Majengo akatukumbusha kisa kilichopokewa katika Sahih Muslim, cha watu wa Madina waliokuwa wakichavusha mitende yao kwa mikono. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia rai yake kuwa hadhani kama jambo hilo linasaidia. Wakaliacha, na mwaka ule tende zikawa hafifu. Alipopewa habari, aliwaeleza kuwa katika mambo kama hayo ya dunia yao wao ndio wajuzi zaidi. Yule mama hakuongeza neno. Aligeukia kikombe chake cha chai, na mimi nikawaza habari za ndoo zangu za majivu.

Oktoba, mvua za mwere zilipoanza, nilipanda tena. Safari hii sikupanda nilichokitamani, nilipanda kilichokuwa kikiota kwa shosho: sukuma wiki, dania, vitunguu, na terere, ambayo ni mchicha wetu uleule kwa jina jingine, ikijiotea hata njiani watu wakiikanyaga. Alinifundisha kuchuma thabai, jani liwashalo kama upupu, ambalo likipita katika maji ya moto hutulia na kuwa tamu kuliko spinachi. Nami nikamfundisha matembele. Kwake majani ya viazi vitamu yalikuwa chakula cha ng'ombe, na siku nilipompelekea bakuli, yamepikwa kwa nazi, alikula kwa adabu kijiko cha kwanza, na cha pili kwa mshangao. Ng'ombe wake, nasikia, sasa anapunjwa.

Mamangu alikuja Disemba, na nazi kumi katika gunia. Nilikuwa nikiiogopa siku hiyo tangu Juni. Nilimweleza habari za mbegu kabla hajavua buibui. Aliuliza zimebaki ngapi. Nikafungua kitambaa, tukazihesabu mkekani, zilikuwa thelathini na moja. Alikwenda mwenyewe kwa shosho. Hawana lugha moja kamili kati yao. Mama huzungumza Kiswahili cha Likoni kwa haraka, na shosho hukijibu kwa Kikuyu kilichotiwa chumvi ya Kiswahili. Nilipowafuata niliwakuta wameinama kwenye ukuta wa mawe wa nyuma ya nyumba, kila mmoja ameuwekea kiganja. Ukuta ule hupigwa na jua mchana kutwa na hubaki na joto baada ya magharibi. Shosho alisema Januari mpaka Machi ndiyo miezi ya joto hapa. Mama alisema bamia zilowekwe usiku mmoja kwanza. Shosho bado alisema haiwezekani, lakini alileta nailoni nyeusi ya kulalia udongo.

Tulipanda kumi. Yaliota mashina manne, mafupi, yenye haya. Mwezi wa Aprili yalikuwa yametoa bamia kumi na moja kwa jumla. Tisa tulizipika kwa papa mkavu, nikampelekea shosho bakuli lake. Utelezi ule haukumpendeza, na alilisema waziwazi. Mbili nimeziacha zikaukie mtini.

Mama aliporudi Likoni alibeba pakiti ya mbegu za managu, mboga ambayo sisi huiita mnavu, alizopewa na shosho zikiwa zimefungwa katika gazeti. Mwezi wa Februari alinipigia simu. Miche ilikuwa imeota vizuri, kisha jua la kaskazi likaichoma majani. Alinituma nimwulize shosho afanyeje.

Nilikwenda uani nikamwuliza. Shosho alifikiri, akapangusa mikono.

"Huko kwenu asubuhi kuna umande?"

Nilifungua kinywa kumjibu, nikakuta sijui. Miaka thelathini na minne nimeishi kule, na sikuwahi kuinama kutazama. Nikampigia mama. Naye akakaa kimya kidogo, kisha akasema hana hakika, lakini kesho baada ya alfajiri atatoka aone.